Fundo la Baba Mkwe

Ufa wa mwamba wa Manga hauingiwi na mtu mnene wala mtu mwenye haraka. Kabla ya kushuka unaamua uso wako utazame upande gani, kwa sababu ukishaingia huna nafasi ya kugeuza kichwa. Miaka ya sitini ikielekea kuisha, mimi ndiye niliyekuwa nimeuzoea. Mbuzi akitumbukia, naitwa. Nilikuwa na kamba zangu za katani na maringo tele, maana wengine kazi yao ilikuwa kuchungulia na kutoa ushauri.

Siku hiyo niliitwa kwa ajili ya baba mkwe. Mzee mzima alikuwa amemfuata mbuzi wake, akateleza mpaka kwenye kidato cha mwamba katikati ya ufa, akavunjika mguu. Mawingu yalikuwa yameshafunga. Mvua ikinyesha, ufa ule hugeuka mfereji, na aliyemo hatoki.

Nilishuka na kamba kiunoni, mgongo ukutani, miguu ukuta wa pili, mpaka nikamfikia. Nikamweleza kazi ilivyo: nitamfunga mgongoni kwangu, nitapanda naye, na wanawe walio juu watatuvuta. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

Kwetu hiyo inaitwa chinsoni, heshima ya mkwe na mkwe. Mwili wa baba mkwe hauguswi, hautazamwi. Niliijua tangu utoto na siku zote niliiona nzuri. Pale chini niliichukia.

"Tata, mvua inakuja," nikamwambia, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Ukinigusa, binti yangu arudi nyumbani leo," akasema. "Lete kamba. Nitajifunga mwenyewe."

Nikapaza sauti, wakashusha kamba ya pili. Ili ajifunge kifuani ilibidi avue shuka, basi akaniamuru nigeuke. Pa kugeukia hapakuwapo. Nikafumba macho, mtu mzima, nikimsikia akihema na kusonya. Aliponiruhusu kufumbua alikuwa amejifunika tena, na fundo lilikuwa ndani ya shuka. Nilimwomba anionyeshe. Akakataa.

Wanawe wakavuta. Akapanda taratibu akigonga kuta, mimi nikimfuata kwa macho kutoka chini. Ndipo nikaona ncha ya kamba ikining'inia chini ya shuka, nikajua. Alikuwa amejifunga fundo alilolifunga maisha yake yote, lile la kufungia ng'ombe, ambalo ukivuta ncha moja mnyama yuko huru. Nilipiga kelele wasimamishe. Ncha ikanasa kwenye jino la mwamba, wao wakavuta.

Aliniangukia kifuani. Ufa ukatubana wote wawili, uso kwa uso, na hapo chinsoni haikuwa na pa kukaa. Alikuwa hai bado. Alifumba macho, si kwa maumivu, kwa aibu, na hakuyafumbua tena. Nilimshika mpaka pumzi ikakoma, na nilikuwa na hasira naye kuliko huzuni.

Kisha nikamfunga mgongoni, nikapanda naye, kama nilivyotaka tangu mwanzo. Matone ya kwanza yalitukuta mdomoni mwa ufa. Wanawe wakageuza nyuso zao. Ndugu mkubwa wa mzee akanisogelea, na kabla hata hajamtazama marehemu akaniuliza kama nilimgusa akiwa hai.

"Nilimgusa," nikamjibu. "Ila nilichelewa."