Kidonge cha daku

Jamani, nawaomba, jina langu lisitoke hapa. Nikijulikana, kazi sina.

Leo asubuhi, kwenye maabara ninapoandikisha wagonjwa, alikuja yule mama wa Buyenzi anayekaanga sambusa. Ana kifafa. Tunampima kiasi cha dawa kilichomo katika damu, na damu hiyo hutolewa kabla hajameza kidonge cha asubuhi.

Majibu yakatoka: dawa imezidi. Daktari akamwambia aanze kumeza nusu.

Anatoka, nikamtania: "Mama, swaumu na sindano, unaweza kweli?"

Akacheka. "Apana shida, mwanangu. Kidonge mi nilishameza na daku."

Daku!

Kumbe alikimeza alfajiri ile ile, ndiyo maana dawa ilijaa damuni. Haikuzidi.

Nikamkimbilia mkubwa wangu. "We kazi yako majina," akasema. "Damu utuachie."

Niliporudi, mama ameshaondoka. Simu yake haipatikani.

Akipunguza dawa, kifafa kinaweza kumwangusha kwenye mafuta ya moto.

Anayemfahamu amwambie arudi kwa daktari kabla ya kidonge cha futari, aseme saa aliyomeza.

Mimi msinipigie. Mkimpata, njooni dirishani, ulizeni kipimo cha sukari, nitajua ni nyinyi. Nitatoka nje.