Wiki tatu za C na kitambaa cha Mama Hidaya

Leo nimechoka hadi nacheka peke yangu.

Niliandikia zahanati moja huko Maramba programu ya kadi za wagonjwa, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kompyuta yao ni ya zamani, ikawa inachukua dakika nne kuifungua.

Nikaona Python ni nzito mno kwa mashine ile. Wiki tatu nimeiandika upya yote kwa C, lugha ngumu zaidi lakini nyepesi kwa mashine, macho yananiuma.

Leo nimeipeleka. Dakika nne zilezile.

Nikainama chini ya meza kukagua waya. Boksi la kompyuta limevishwa kitambaa cha kufuma, kimebana hadi matundu ya feni yamezibwa. Linachoma kama kikaango, na kompyuta ikichemka hivyo hujipunguzia kasi yenyewe.

Nikamuuliza muuguzi, Mama Hidaya, nani kakiweka.

"Mimi, mwanangu. Vumbi lisiingie."

Nikakivua, tukangoja mashine ipoe. Nikafungua ile ya Python.

Ikafunguka papo hapo.

Mama Hidaya akashangaa, "Mbona hii ya kwanza ilikuwa nzuri tu? Ukaibadilisha ya nini?"

Nikakikunja kile kitambaa, nikamrudishia.

(Nyie kwenu vitambaa vimefunika nini? Kakagueni.)

Wakati naaga akanipa zawadi, kitambaa kipya cha rangi ya waridi, amekifuma mwenyewe.

Cha kufunikia laptopu yangu.