Daftari Alilochukua Mtani Wangu

Miaka ya hamsini Dar es Salaam haikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka elimu hiyo alikwenda Kampala, na chuo chetu cha ualimu pale mjini kilipewa nafasi moja tu, ya atakayeandika vizuri zaidi historia ya mtaa wowote wa mji. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kuoa.

Bwenini nililala kitanda jirani na Mnyamwezi mmoja, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mimi Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu si maneno tu. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, ukikasirika umejiaibisha. Lakini siku ya msiba wako, yeye ndiye anayeshika jembe na kuwachekesha wafiwa. Viatu vyangu alivivaa yeye, sabuni yake niliimaliza mimi.

Jumamosi moja nilimpeleka Kariakoo kwa bibi aliyenilea.

"Shikamoo, bibi mchawi! Nimefuata kuku wangu."

"Marahaba, mpagazi we! Mzigo umeutua wapi?" Bibi alicheka mpaka machozi. "Kuku mle, lakini nikifa uje unifukie."

"Nitakuja, tena nitaingia kaburini kwanza nipime."

Bibi akaanza kusimulia: visima vilivyokuwa na maji matamu, minazi iliyokatwa, wapagazi wa vita walivyolala pale lilipo soko. Niliandika mwezi mzima, kila Jumamosi. Rafiki yangu alikula kuku na kusinzia mkekani.

Siku mbili kabla ya kukabidhi, daftari likapotea. Nilipindua godoro, nikamwuliza kila mtu. Rafiki yangu mwenyewe alinisaidia kutafuta!

Mshindi alipotangazwa, lilisomwa jina la mtani wangu. Kisha mwalimu akasoma ukurasa wa kwanza, nikasikia visima vya bibi yangu. Nilisimama nikapiga kelele kwamba kazi ile ni yangu.

"Msimjali, jamani," akasema rafiki yangu akitabasamu. "Huyu mtani wangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami, mjinga, nikacheka na kukaa. Ndivyo nilivyolelewa.

Bibi alifariki mtani wangu akiwa mwaka wa pili wa masomo Kampala, naye yuko likizo Dar es Salaam, amefikia nyumba iliyo jirani na Mnazi Mmoja. Desturi ilitaka mtani apelekewe habari, nikaenda mwenyewe kwa miguu. Nilimkuta anafunga tai.

"Poleni sana," alisema. "Ila saa kumi nina hotuba kule Posta, kuhusu historia ya Kariakoo. Na haya mambo ya utani, ndugu yangu, sisi wasomi tuyaache."

Saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya maziko. Utani ulimfaa alipoiba, ulipodai jembe akawa msomi. Hasira ile ninayo hadi leo, na sioni sababu ya kuiacha.

Nilirudi nikachimba mwenyewe, na hakuna aliyetuchekesha. Wazee waliuliza mtani wa marehemu yuko wapi. Nikajibu kwamba amesafiri.