Spika Mdomoni mwa Chungu cha Togwa

Sogeza kiti, rafiki yangu, nikueleze taratibu, maana jambo lenyewe bado linanipa aibu. Juzi nilipita Mbinga mjini, dukani kwa fundi redio, nikasikia mkanda wa kwaya ukilia kwa sauti ya chini, nene. Uso ukanichoma palepale, kama vile ningali mtoto.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda hadi kwetu milimani, na nyuma yao wakaja wachuuzi wa redio. Baba alikuwa kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa, mtu wa suruali yenye viraka na maneno machache. Msimu huo kahawa ilipokauka vizuri kwenye chanja, aliuza, akaenda Kitai, akarudi juu ya lori na redio kaseti pamoja na sanduku la spika lililonifika kifuani, lenye macho manne ya duara.

Kwetu mtu akipata kitu kipya hakitazami peke yake. Bibi alikoroga togwa, uji mtamu usiolevya, chungu kizima, mama akapika ugali na usipa, dagaa wa ziwani kutoka Kihagara, na Jumapili baada ya misa ua ukajaa. Mwalimu wetu, mgeni wa mkoa mwingine, alipewa kiti cha mbele. Baba akaunganisha betri ya gari, akabonyeza.

Ikatoka sauti nyembamba, kama mbu ndani ya kopo. Akaongeza, ikakwaruza. Akachukua bisibisi, akafungua sanduku mbele ya wote. Ndani kulikuwa na spika moja tu, ndogo kama kisosi. Macho mengine matatu yalikuwa vifuniko vilivyopakwa rangi nyeusi.

Jirani yetu, ambaye hakuwahi kukosa neno, akauliza, "Kiongozi, Kwaresima ilishapita. Mbona hawa watatu bado wamefunga?"

Ua mzima ulicheka. Mwalimu akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilitamani niwe mtoto wa nyumba nyingine.

Hapa lazima nikufafanulie kitu. Kilabuni, kwa wauza pombe, walikuwa wakilaza spika ndogo mdomoni mwa chungu ili sauti inenepe. Kila mtu alijua. Baba pia alijua, na ndiye aliyekuwa akiuita huo muziki wa walevi, tena mbele ya jumuiya. Bibi akainamisha chungu, akammiminia mwalimu togwa la mwisho, akakifuta vizuri, akakisogeza miguuni pa mwanawe.

"Mama, siyo mbele ya watu hawa," baba alinong'ona.

"Mlevi naye ana masikio, mwanangu."

Baba alipiga magoti. Akaing'oa ile spika sandukuni, akailaza mdomoni mwa chungu. Kisha kwaya ikatoka, na besi ikatembea ardhini hadi kwenye nyayo zetu. Hakuna aliyesifu. Ila wimbo ulipoisha, jirani aliomba urudiwe.

Shuleni niliitwa mtoto wa kilabu mpaka nikamaliza darasa la saba. Lile sanduku walilihamia kuku, wakawa wanatagia humo. Na jioni, baba akishanawa udongo wa shambani, alikaa karibu na chungu akasikiliza mkanda upande mmoja wote, kichwa kikiwa kimeinama. "Hii inanitosha," alikuwa akisema. Nilidhani anajifariji, na aibu ikanizidi.

Leo baba hayupo, bibi hayupo, mikanda imeliwa na ukungu, na wafinyanzi wa kwetu ni wa kutafuta. Nyumbani kwangu kuna muziki mkubwa, spika zake zote nzima. Huwa nausikiliza nimesimama, na kabla wimbo haujafika katikati nimeshahamia mwingine.

Kwa hiyo, rafiki yangu, kama una spika ndogo, usiitupe. Tafuta chungu cha udongo kikavu kisicho na ufa, ilaze mdomoni mwake, uso juu, punguza sauti kidogo, kisha kaa chini usikilize wimbo mmoja mpaka uishe.