Kiini cha Anti Bee Choo

Ukitaka kumuudhi Ooi Bee Choo, gusa kiini chake. Ni programu ndogo aliyoiandika kabla hajaolewa, inayopanga ndani ya mashine zetu za kudarizi nani afanye kazi na lini. Programu nyingine zikitaka chochote, kusogeza kitambaa au kusoma saa, sharti zikiite. Nacho huweka pembeni kilichokuwa mkononi, hukagua, hujibu, kisha hurudi kilipoachia. Ni kufumba na kufumbua, ila sindano haimsubiri mtu: kitambaa kikichelewa kusogea, uzi hukatika.

Kwa hiyo Bee Choo alibania miito utadhani inalipiwa mfukoni mwake. Hapa kiwandani kwetu Bayan Lepas hakuna aliyebadilisha hata mstari mmoja bila kupanga foleni mezani kwake, naye huusoma mstari wako huku akinywa kopi, kahawa nzito ya huku, taratibu. Nampenda sana, lakini foleni ile ilinichosha.

Juma lile uzi ulianza kukatika kila mashine ikishika kasi. Bosi wetu, Bwana Teoh, akasema wazi: mteja anakuja mchana, na uzi ukikatika mbele yake, kiini cha Bee Choo kinatupwa, tunanunua cha watu.

Bee Choo akatuwakia. "Nani anaita ovyo ovyo? Saravanan, ni wewe!"

"Mimi? Anti, mimi hata kukohoa nakohoa kwa ruhusa yako," akajibu Saravanan, mhandisi mwenzetu.

Akaunganisha waya wa kipimo kwenye prosesa, tukatazama mawimbi kwenye skrini. Kila mshono ulikuwa na miito miwili isiyo na mwenyewe. Akaifuatilia mpaka ilikotoka, akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Anti, usinipige. Ni mkaguzi wako."

Ilikuwa kweli. Kwa kutotuamini, Bee Choo alikuwa ameweka programu ya kupima muda tunaoupoteza kwa kuita. Nayo, ili ijue saa, ilikiita kiini kabla na baada ya kila mshono.

Nilidhani atalipuka. Akacheka mpaka akavua miwani. "Alamak! Kumbe mwizi ni polisi wangu mwenyewe! Haya, itoe."

"Nikishaitoa nikuletee ukague?"

Mteja alikuwa tayari anapanda ngazi. Bee Choo akamtazama Saravanan, akatazama mlango.

"Usiniletee," akasema, akachukua mkoba wake na kutoka. Hakuweza kutazama.

Saravanan akaitoa, mashine ikashika kasi, ikadarizi okidi nzima. Mteja akapitisha kidole juu ya maua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Teoh akapumua.

Tulimkuta Bee Choo kwenye kibanda cha chakula chini, sahani ya koay teow, tambi pana za mchele, mbele yake haijaguswa.

"Uzi umekatika?"

"Haujakatika, Anti," akajibu Saravanan.

"Na hukuniuliza kitu?"

"Sikukuuliza."

Machozi yakamlengalenga, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. "Basi kinaweza kuishi bila mimi," akasema, akamsogezea Saravanan sahani yake, akaagiza nyingine.