Giza la Televisheni ya Mkwe

Mama Pindo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu katika miaka thelathini na sita ya kukaa nyuma ya cherehani, hakuna pindo lake hata moja lililowahi kufumuka. Ulimi wake nao haukuwa na bitana. Akikutana na mtu mwenye gauni lililoshonwa ovyo, hata barabarani, humwuliza, «Aliyekushonea hii alikuwa na haraka ya kwenda wapi?» Walioudhika waliudhika. Waliobaki walimletea nguo zao.

Sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia ilikaa katikati, na juu ya kabati la vyombo ilikaa televisheni ya zamani yenye kisogo kikubwa. Mumewe, karani mstaafu wa shule, aliipiga kofi kila ilipokwama: kofi moja kwa picha, mawili kwa sauti. Waliishi nayo kwa amani mpaka siku mkwe wao alipoingia mlangoni kinyumenyume, akivuta boksi ambalo halikutaka kupita.

Huyu mkwe alikuwa mpima ardhi, mtu mpole, asiyejua kuja kwa wakwe zake mikono mitupu. Humo kwenye boksi mlikuwa na televisheni mpya, pana kuliko meza ya kukatia, imebandikwa karatasi inayong'aa yenye herufi tatu: HDR. Pamoja nayo alileta kisanduku kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, cha kuleta filamu kutoka kwenye intaneti. Alipiga magoti kwenye zulia saa nzima, kitabu cha maelezo mkono mmoja, rimoti mkono wa pili, na kila alipokuta neno «bora» au neno «daima» alibonyeza ndiyo. Antena ya zamani ikapelekwa stoo, maana kisanduku, alisema, kina kila kitu. Kisha akasimama, akapangusa magoti.

«Mnaionaje, mama?»

Sasa niambie wewe, mama mkwe atajibu nini hapo? Mtu katoa jasho kwenye zulia lako kwa ajili yako. Mama Pindo alitazama kioo.

«Picha safi kabisa, mwanangu.»

«Safi kabisa,» mumewe akaitikia.

«Safi,» binti yao akamalizia, na chai ikaletwa.

Lakini Mama Pindo alikuwa ameona giza. Si giza totoro. Watu walionekana, wakatembea na kusema, ila nyuso zao zilikuwa kama za watu waliosimama nyuma ya pazia. Mama wa kwenye tamthilia akilia, Mama Pindo alijua kwa sauti tu. Wakiingia chumbani wakafunga mlango, yeye alibaki na mazungumzo na mwanga wa dirisha. Na wenzake wote walisema safi kabisa. Mwenye macho haambiwi tazama, naye akahitimisha jambo ambalo mtu yeyote angehitimisha: kilichoharibika ni macho yake.

Sababu ya kuogopa alikuwa nayo. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo. Alikuwa akiuliza kila jioni, «Mbona mmepunguza taa?», na taa haikuwa imeguswa na mtu. Miaka miwili baadaye alishikwa mkono kupelekwa kuoga. Mama Pindo ndiye aliyemshonea mafundo matatu ya uzi ndani ya kola ya kila nguo, upande wa mgongoni, ili kwa kupapasa ajue mbele ni wapi. Mambo hayo alikuwa ameyaweka mbali kwa miaka mingi, na sasa yalimrudia kila televisheni ilipowashwa.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na msemo huo aliwahi kuwasemea wengine mara nyingi tu. Kwake haukufanya kazi. Jioni alisogeza kiti karibu na kioo, akisema eti mgongo unamuuma akikaa mbali. Alimtega mumewe kwa ujanja: «Huyo aliyeingia ndiye nani tena?» Mumewe alijibu, bila kugeuza shingo, «Si yuleyule,» na Mama Pindo akazidi kuumia, kwa kuwa mzee aliyemzidi miaka saba alikuwa anaona na yeye haoni.

Utauliza, je, sindano? Sindano aliitunga uzi kwa jaribio moja tu, asubuhi na jioni, uzi mweusi kwenye tundu la sindano nyembamba kuliko zote. Hata hilo halikumfariji. Alijiambia mikono imezoea, ingeweza kutunga hata usingizini. Mtu akishaamua kuogopa, ushahidi wote huusukumia upande wa hofu.

Ikapita miezi miwili. Siku moja nesi wa jirani, mteja wake wa tangu zamani, alileta kitambaa cheusi cha koti pamoja na bitana yake nyeusi. Nyeusi juu ya nyeusi ndiyo kazi inayompima fundi. Mama Pindo alikipapasa kitambaa kile kizuri, akakikunja, akamrudishia.

«Nimechoka, mwanangu. Mtafute mwingine.»

Nesi alidhani amesikia vibaya. Alipoondoka, Mama Pindo aliifunika cherehani kwa shuka saa nne asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya kazi, akaenda kulala bila usingizi.

Jumapili iliyofuata mkwe alikuja na binti yao na fundi wa televisheni wa kuitundika ile televisheni ukutani. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mkanda wa bisibisi kiunoni, mchangamfu, na mwenye sura ya mtu asiyependa kurudiarudia. Aliamkia, akapima ukuta, akatoboa, akatundika, akafagia vumbi lake mwenyewe, na hapo Mama Pindo akampenda. Kisha akaomba awashiwe filamu yoyote ahakikishe waya zimekaa sawa.

Mkwe akawasha ile tamthilia ya kila jioni. Ilikuwa saa tisa alasiri, mapazia yamefungwa. Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande.

«Na hii huwa mnaitazamaje?»

«Tunaitazamaje vipi?» mkwe akauliza.

«Na giza lote hili?»

Binti aliangalia kikombe chake. Karani mstaafu alikohoa. Mama Pindo alishika ukingo wa meza ya kukatia.

«Umesema unaona giza? Wewe?»

«Naona giza, mama.»

«Macho yako hayana matatizo?»

«Mama, macho yangu mazima. Ndiyo maana naliona.»

«Hebu sema tena,» Mama Pindo akasema, akimsogelea, na binti yake akainua uso.

Fundi alisema tena, kisha akaeleza, kwa kuwa alifikiri mama wa watu anataka kufundishwa. Filamu za aina hiyo, alisema, hutumwa pamoja na maelekezo: hapa pawe na mwanga mkali sana, hapa kivuli, hapa katikati. Zimepimwa kwa televisheni yenye taa kali ndani yake. Televisheni hii inayasoma maelekezo hayo, ndiyo maana imebandikwa zile herufi, lakini taa yake ni ndogo. Haiufikii ule mwanga mkali, kwa hiyo inashusha kila kitu ili vyote vienee. Na kisanduku nacho kimeamrishwa kutuma picha za namna hiyo daima, hata vipindi vya kawaida ambavyo havikutengenezwa hivyo.

Mama Pindo alisikiliza kwa umakini wa mtu anayesomewa hukumu.

«Yaani,» akasema polepole, «umepewa mchoro wa gauni la mita tano, na kitambaa ulicho nacho ni mita mbili. Badala ya kushona sketi nzuri ya mita mbili, ukalibana gauni zima mpaka mtu hapumui.»

Fundi akamtazama, kisha akaitazama cherehani iliyofunikwa shuka.

«Kumbe naongea na fundi mwenzangu. Ndivyo hasa.»

Aliichukua rimoti. Kwenye kisanduku akaondoa HDR, akaweka picha ya kawaida. Kwenye televisheni akakuta pia imewekwa ibane umeme, akaiondoa. Kioo kikazima, kikakaa cheusi kwa muda ambao Mama Pindo aliuona mrefu kuliko miezi miwili yote, halafu kikawaka.

Jiko la kwenye tamthilia lilikuwa na kuta za kijani. Hakuwahi kujua. Mezani palikuwa na bakuli la ndimu, na yule mama wa tamthilia alikuwa na kidoti shavuni na machozi ya kweli. Alipogeuka kuelekea mlangoni, gauni lake likapepea.

«Pindo limevutwa upande wa kushoto,» Mama Pindo akasema. «Wamelishona bila kulipiga pasi kwanza.»

Akajisikia anashusha pumzi, ndefu, kana kwamba aliivuta siku ile boksi lilipopita mlangoni. Kisha akakaa chini akalia, bila kujificha. Binti yake alimkimbilia.

«Mama, nini?»

«Nilidhani napofuka,» akasema. «Kama bibi yako. Nilikuwa nimeshaacha kazi.»

Mkwe wa watu alibaki na rimoti mkononi, jasho limemtoka. Alisema yeye ndiye aliyebonyeza vile vya «bora» na «daima». Alisema hata yeye, kila Jumapili akija, aliona kiza kidogo, lakini wazee walikuwa wanaisifu, akadhani ndivyo wanavyopenda. Binti naye akakiri: aliona siku ileile ya kwanza, ila angeanzaje kuisema zawadi ya mumewe mbele ya wazazi wake? Akipenda, chongo huita kengeza. Hapa walikuwa wanne, wote wakimpenda mwenzao, na televisheni ikawa imepata sifa ambazo haikustahili.

«Mwanangu,» Mama Pindo alimwambia mkwe, akifuta uso kwa ncha ya khanga, «nisamehe. Tangu leo nikikwambia kitu chako ni safi, uniulize mara mbili.»

Fundi alicheka, akafunga mkanda wake, akaaga. Binti aliahidi kumpeleka mama kupima macho kesho hata hivyo, kwa ajili ya historia ya bibi, na Mama Pindo akakubali bila kubisha, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Aliyekuwa hajasema neno ni mzee. Alikuwa ameegemea ukuta, anaitazama ile picha yenye kuta za kijani.

«Mimi nimeshapima,» akasema.

Wote wakamgeukia.

«Mwezi uliopita. Niliwaambia nakwenda kufuata mafao. Daktari akasema macho yangu mazima kabisa kwa umri wangu. Lakini daktari mwenyewe kavaa miwani mizito hivi, nikajiambia, huyu atajua nini. Sikumwamini. Nikawa nafanya mazoezi.»

«Mazoezi gani, baba watoto?»

«Ya kutembea nimefumba macho. Kutoka kitandani mpaka chooni ni hatua kumi na moja. Sikutaka uje unishike mkono.»

Hakuna aliyecheka. Mama Pindo aliinuka, akampita mkwe, akaipita meza ya kukatia, akaenda kusimama karibu na mumewe mpaka mabega yakagusana.

«Zangu ni kumi na nne,» akasema.