Mchimba Mizizi wa Antikira

Siku Erginos alipomwona Mnaseas kwa mara ya kwanza, mchimba mizizi huyo alikuwa ameketi mlangoni pake mjini Antikira asubuhi, anatafuna vitunguu saumu na kushushia mvinyo usiotiwa maji. Mvinyo wa namna hiyo huachiwa washenzi na wendawazimu. Mnaseas alidai kwamba bila kinga hiyo harufu ya mzizi mweusi, dawa ya wazimu, humlemea mchimbaji kichwa. Basi akajikinga kila siku, hata siku asizochimba.

Erginos, mshona viatu mwenye haya, alikuwa amemleta kaka yake Likiskos juu ya punda, kafungwa kamba. Likiskos alikuwa akiwahutubia kondoo kama baraza la mji, na wasipojibu akiwapiga. Majirani walikwisha sema: akirudi hajapona, ni mawe mpaka afe.

"Hii ni mania, wazimu wenyewe," Mnaseas akasema, akapiga mbweu.

"Hilo neno hata watoto wanamtupia, mzee. Mimi naomba dawa."

"Tulia wewe! Mania ziko mbili. Kuna ya mungu. Ikimpanda mtu anatabiri, ndiyo maana wahenga waliliweka neno la mtabiri, mantis, ukoo mmoja na hilo. Hiyo haitibiwi, inapigiwa magoti. Halafu kuna ya nyongo nyeusi. Hiyo inatapishwa kwa mzizi mweusi."

"Sasa ya kaka yangu ni ipi?"

"Amekuja kwa gari la farasi au kwa punda?"

"Kwa punda."

"Nyongo."

Wakapanda mlimani. Mnaseas akauzungushia mmea wa mzizi huo duara kwa ncha ya upanga wenye kutu, akageukia mashariki, akaomba kwa sauti kubwa, kisha akatazama kulia na kushoto. Yasemwa tai akimkaribia mchimbaji, mchimbaji hufa kabla mwaka haujaisha. Na kweli, mbali juu ya ghuba, alikuwapo tai, mdogo kama nzi. Mnaseas akatupa upanga akateremka mbio, kanzu kaishika mkononi.

"Mbona mganga anakimbia?" Likiskos akauliza, juu ya punda.

Kuchimba hata Erginos angeweza. Lakini kipimo alikijua Mnaseas peke yake, nacho kikizidi kinaua. Erginos akamfuata hadi nyumbani, akamkuta kitandani, kajifunika shuka hadi usoni.

"Anakufa," mkewe Nikarete akasema. "Tangu aingie anakufa huku akila: mikate mitatu na tini."

"Mzee, kama unakufa, niachie kipimo!"

Mnaseas akageukia ukutani. Mwaka mzima Erginos akamficha kaka yake msituni kwa wachoma makaa, na kamba zikamla Likiskos mikono hadi nyama. Mwaka ulipotimia, akarudi mbio. Mnaseas alikuwa pale pale kitandani, amenenepa.

"Mzee, mwaka umekwisha na hujafa! Inuka, kaka yangu anaoza."

Mnaseas akafunua jicho moja.

"Mwaka wa Antikira ndio umekwisha," akasema. "Yule tai alitokea upande wa Delfi, na mji ule una kalenda yake. Kwa hesabu ya Delfi, bado mwezi."